Mwigizaji Aliyepewa Mtoto Ambebe

Songeni mbele kidogo, ndugu zangu. Mlioko mlangoni ingieni, benchi hili la mbele lina nafasi na mimi siumi mtu. Sitaki mtu aisikie habari hii nusu akiwa nje, halafu aende kuwaambia majirani kwamba leo kanisani mchungaji alikuwa anasimulia sinema.

Ingawa ni kweli, nitasimulia sinema.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuigiza. Huu ni mfano, kwa hiyo msitoke hapa mkaanza kuulizana anakaa mtaa gani. Tumwite Nasikiwa. Alianza akiwa binti, katika kikundi kilichokuwa kikicheza maigizo kwenye kumbi za mjini. Televisheni ilipoingia majumbani mwa watu, naye akaingia pamoja nayo. Palikuwa na mchezo mmoja wa kila wiki ambamo yeye alikuwa mke wa chifu, mwanamke mkali, anayesema polepole mpaka anayesemeshwa anatokwa jasho. Siku ya mchezo huo, wenye televisheni walifungua madirisha ili wasio nayo wasimame nje watazame.

Nasikiwa akipita sokoni, wauza nyanya walikuwa wanasimama. Wanaambiana, "Mke wa chifu huyo," halafu wanamwongezea nyanya juu ya fungu bila yeye kuomba. Watoto walimfuata kwa mbali, kwa sababu walimwogopa kwelikweli. Mtu akioa, anamwalika ili tu watu waseme alikuwepo.

Mambo kama hayo yakikupata ukiwa kijana, unadhani ndiyo maisha yenyewe. Nani kati yetu angedhani vinginevyo?

Basi ule mchezo ukaisha. Akaahidiwa sinema kubwa ambamo yeye ndiye angekuwa mhusika mkuu. Akashonewa nguo, akajifunza maneno, akawaaga watu, na ile sinema haikupigwa hata picha moja. Mwenye kuitoa alibadili mawazo. Akaahidiwa nyingine, nayo ikawa hivyohivyo. Miaka ikapita. Wakaja mabinti wapya wenye sura mpya, na siku moja mtu mmoja akamwambia kwa heshima kabisa, "Mama, tunayo nafasi ya bibi mzaa baba. Inakufaa sana."

Nasikiwa akasema, "Mimi si bibi wa mtu."

Akakataa. Akaitwa tena kwa nafasi ya mama mkwe mzee, akakataa. Akaitwa awe mama mgonjwa kitandani, hilo hakulijibu kabisa. Mwisho wasiomwita wakawa wengi kuliko wanaomwita, na baadaye hakukuwa na anayemwita.

Siku moja alikuwa sokoni akichagua nyanya, na dada muuzaji akamkazia macho. Moyo wa Nasikiwa ukaruka. Akasimama wima, akainua kidevu kama zamani. Yule dada akasema, "Mama, sura yako naijua. Wewe si ulikuwa unauza vitumbua pale stendi?"

Mnacheka. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Nyumbani alikuwa anaishi na dada yake mkubwa, Eliaichi, mjane, mwanamke wa maneno machache. Ni Eliaichi aliyeanza kuona jambo ambalo ndilo nataka mlisikie. Asubuhi moja walikuwa wanakunywa chai, Nasikiwa anamimina, na chai ikawa inatiririka mezani pembeni ya kikombe.

Eliaichi akamwambia, "Nasikiwa, unamwaga."

"Mkono umetetemeka."

"Mkono haujatetemeka. Nimeuangalia."

Nasikiwa akachukua kitambaa akafuta meza. Lakini alijua. Alikuwa amejua kwa muda mrefu. Mwanzo aliona maduara ya rangi kuzunguka taa, akadhani ni vumbi. Halafu akaanza kugonga bega kwenye miimo ya milango aliyoipita maisha yake yote. Watu wakatokea ubavuni mwake ghafla, kama wameota kutoka ardhini. Jicho la kulia likawa na ukungu, kisha likawa na giza. La kushoto lilikuwa bado linaona kilicho mbele yake sawasawa, lakini kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akikutazama usoni anakuona. Miguu yako haioni. Miguu yake mwenyewe haioni.

Wala hakuwa na maumivu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kitu kinachouma unaweza kukipigia kelele. Hiki kilikuwa kinamla pembeni kimyakimya, na kila baada ya muda dunia yake inapungua kidogo.

Eliaichi akasema, "Twende hospitali ya macho. Nitakusindikiza."

"Nikienda, watajua."

"Kina nani?"

Nasikiwa akainuka na kitambaa chake. Ndugu zangu, hebu mjibuni Eliaichi kwa niaba yake. Kina nani? Sokoni wanadhani aliuza vitumbua. Nani alikuwa amekaa anamsubiri augue ili atangaze? Lakini hofu haiulizi maswali kama hayo. Hofu ya Nasikiwa ilimwambia hivi: siku moja watakuita, na wakisikia huoni, hawatakuita. Basi nyamaza.

Akanyamaza. Akajifunza nyumba kwa mikono na njia ya dukani kwa miguu. Akajifunza kucheka na kusema "samahani, mawazo yako mbali" kila alipomgonga mtu. Aliigiza, ndugu zangu. Kutoka asubuhi mpaka jioni alikuwa anaigiza mtu anayeona, na nawaambia ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

Na kweli, wakamwita.

Alikuja mwongozaji kijana anaitwa Gervas. Alikaa sebuleni, akanywa chai ambayo safari hii Eliaichi ndiye aliyemimina. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa mtoto mdogo nakutazama dirishani kwa jirani. Ulinitia hofu mpaka nikalia. Nina sinema. Ndani yake kuna bibi. Nyumba inaungua, binti yake amekufa kwenye uzazi, na yeye anatoka na mjukuu mikononi, anashuka ngazi mbele ya kijiji kizima, hasemi neno. Nimewaona wengi. Sijaona mwingine anayeweza kunyamaza kama wewe."

Fikirini maneno hayo yanavyoingia kwa mtu aliyekaa miaka anasubiri mlango ubishwe. Sasa hakusema mimi si bibi wa mtu. Alisema, "Lini tunaanza?"

Eliaichi alikuwa amesimama na birika. Nasikiwa hakuona jinsi alivyokuwa akimtazama, kwa sababu Eliaichi alisimama pembeni.

Kijana alipoondoka, dada mtu akasema, "Mwambie."

"Nitamwambia sinema ikiisha."

"Amesema ngazi, Nasikiwa."

"Nimesikia alichosema."

Gervas akawachukua waigizaji, wakaenda kukaa na kupigia picha kwenye nyumba ya zamani nje ya mji, nyumba kubwa yenye baraza ya juu na ngazi za saruji ndefu, zile za kujengwa na watu waliokuwa na haraka, hazilingani. Kidato kimoja kirefu, kingine kifupi, kingine kimemegeka ukingoni. Nasikiwa aliziona ngazi hizo siku ya kwanza akiwa chini, mbali, na akajua kwamba akiwa juu yake hataviona vidato. Kwa hiyo akawa anafika mapema kuliko wote. Wengine wakipiga mswaki, yeye yuko ngazini anapanda na kushuka, mkono kwenye ukingo wa chuma, nyayo zinapapasa. Walioamka na kumwona wakaambiana, "Mnaona wakongwe? Hivi ndivyo watu wanavyoipenda kazi." Na walipomsifu hivyo, alizidi kuogopa.

Kwenye mazoezi alipewa khanga iliyokunjwa kama mtoto. Aliibeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili kwenye ukingo wa chuma, akashuka vizuri. Alijikwaa mara moja. Akasema ni kiatu.

Aliyekuwa anampaka poda kila asubuhi ni mwanamke kijana anaitwa Mwanaidi, ambaye alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi michache, Jabiri, anayemlaza kwenye beseni lenye mito karibu naye akifanya kazi. Mwanaidi alikuwa anazungumza sana, na Nasikiwa alimpenda kwa sababu anayezungumza unajua alipo. Asubuhi moja Mwanaidi alimwambia, "Mama, tazama juu." Nasikiwa akatazama juu. "Sasa tazama kidole changu." Nasikiwa akatabasamu, akatazama mahali sauti ilipotoka. Mwanaidi alisita kidogo na brashi mkononi. Kisha Jabiri akalia, na jambo hilo likapita.

Ikafika siku ya tukio lenyewe. Adhuhuri, jua la utosini. Wanakijiji wa sinema wamejaa uani. Moshi wa matairi unapanda nyuma ya nyumba. Waya za taa zimetandazwa barazani na kuteremshwa upande wa ngazi. Nasikiwa amesimama ndani ya mlango, amevaa kaniki iliyoungua pindo, khanga yake ya kubeba iko mikononi, midomo imekauka. Mwanga wa nje ulikuwa mkali mpaka lile bomba lake la kuonea likajaa weupe mtupu.

Gervas akapanda barazani. Akasema, "Mama, hii khanga hainipi kitu. Watu watajua ni nguo. Nimezungumza na Mwanaidi, amekubali. Tutatumia mtoto."

Nasikiwa akasema, "Mtoto gani?"

"Jabiri. Ameshiba, amelala. Na jambo jingine, usishike ukingo. Bibi aliyetoka motoni hashiki ukingo. Mbebe kwa mikono yote miwili, shuka taratibu, tazama mbele."

Halafu Mwanaidi akaja. Alikuwa amemfunika mtoto kwa kitambaa cheupe, amempaka masizi kidogo shavuni kwa kidole, na alikuwa anacheka kwa furaha kwamba mwanawe ataonekana kwenye sinema. Akasema, "Mpokee mjukuu wako, mama. Usimwamshe tu, akiamka ana kelele huyu."

Akamweka mikononi mwake.

Hapa ningependa tusimame kidogo. Nyinyi akina mama mnajua mtoto aliyelala ana uzito gani. Ana uzito kuliko akiwa macho. Kichwa chake kilikuwa kwenye kiwiko cha Nasikiwa, jasho la kichwa linamloweshea mkono. Alihisi pumzi yake. Alijua kuwa mbele ya mlango kuna baraza, kwamba kwenye baraza kuna waya ambazo jana hazikuwepo, kwamba baada ya baraza kuna ngazi ambazo hakuwahi kuzishuka bila ukingo, na chini ya ngazi ni saruji. Akajua pia kwamba akifungua mdomo, kila kitu alichokisubiri kinaishia pale mlangoni.

Ungefanya nini? Usijibu haraka. Ukijibu haraka utasema ungemrudisha mtoto. Sote tungesema hivyo.

Yeye hakumrudisha.

Gervas akapaza sauti, kamera zikawashwa, na Nasikiwa akatoka nje.

Alitembea vizuri. Waliomtazama walisema baadaye kwamba walipoona ule uso, nywele ziliwasimama. Mnajua kwa nini? Kwa sababu hakuwa anaigiza hofu. Mguu ukagusa waya, akaupandisha juu yake polepole, na watu uani wakaona bibi aliyechoka. Akafika ukingo wa baraza. Unyayo ukatafuta kidato cha kwanza, ukakipata. Akashuka. Ukatafuta cha pili, ukakipata. Jasho likamwingia kwenye lile jicho moja, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Akatafuta cha tatu, na mguu haukupata kitu.

Akaunyosha zaidi. Hewa. Akausogeza kushoto. Hewa. Akajaribu kukumbuka kama hiki ndicho kile kirefu au ndicho kilichomegeka, na hakukumbuka. Hofu ilikuwa imefuta yote aliyojifunza alfajiri. Mwili ukaanza kuelemea mbele, na uzito wa mtoto ndio uliokuwa unauvuta. Ukimya uani ulikuwa mkubwa. Kijiji kizima kinamtazama, kama alivyokuwa akiomba siku zote kwamba atazamwe, na kila mtu anadhani anaona sinema.

Jabiri akajinyoosha usingizini. Kitu kidogo tu, kama watoto wanavyofanya. Akaweka kiganja chake kifuani kwa Nasikiwa.

Nasikiwa akaurudisha mguu. Akakunja magoti, akakaa palepale ngazini, akamkumbatia mtoto kwa mikono yote, akasema, "Sioni. Njooni mumchukue mtoto, mimi sioni."

Na mnajua nini kilitokea?

Hakuna aliyekwenda.

Gervas akanong'ona, "Nzuri sana. Nzuri sana, endelea, mama." Mpiga picha akasogea karibu na uso wake. Wanakijiji wa sinema wakaanza kulia machozi, kwa jinsi ilivyowagusa. Mmoja akapiga makofi, wenzake wakamnyamazisha asiharibu. Walidhani amebuni. Miaka yote hiyo ametafuta watu wamsadiki anapoigiza, na siku anasema kweli, wanamsadiki kwamba anaigiza.

Akasema tena, kwa sauti yake ya nyumbani, ile ambayo Eliaichi tu ndiye aliyekuwa akiisikia, "Siigizi. Jamani, siigizi. Macho yangu yamekufa muda mrefu na nimewaficha. Mchukueni mtoto kabla sijamwangusha."

Mwanaidi ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa chini karibu na kamera. Alisukuma watu, akaruka ngazi, akamnyakua mwanawe, na Jabiri akaamka na kelele zake zote. Mwanaidi akamkagua kichwa, mikono, miguu. Kisha akamtazama yule mama aliyekaa kwenye saruji, mikono yake mitupu bado imekunjwa kama amebeba.

Akamuuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla hujamzaa."

"Na ukampokea."

"Nikampokea."

Mwanaidi aligeuka akaenda zake na mtoto. Gervas akazima kamera. Watu wakatawanyika wawili wawili wakinong'ona, na Nasikiwa akabaki katikati ya ngazi, hawezi kupanda, hawezi kushuka, jua linampiga kichwani. Alikaa hapo muda. Sina maneno ya kuwaelezea alichokihisi, lakini nitasema hivi: kila kitu alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimeshampata, chote kwa pamoja, adhuhuri, mbele za watu, na bado alikuwa anapumua.

Halafu akasikia nyayo. Akasikia mtoto anaguna. Mwanaidi alikuwa amemfunga Jabiri mgongoni kwa nguvu, mafundo mawili. Alikuwa bado na hasira, ilisikika kwenye pumzi yake. Akasema, "Weka mkono begani kwangu. Kidato kinachofuata ni kirefu."

Wakashuka.

Nasikiwa hakumaliza ile sinema. Nafasi ya bibi alipewa mama mwingine mwenye macho mazima, akashuka ngazi vizuri, ikapigwa picha ikaisha. Jina la Nasikiwa halimo. Kuna anayetaka niseme kwamba Gervas alimwandikia sinema nyingine kuhusu mama asiyeona na akapata sifa upya. Sitasema hivyo, kwa sababu haikuwa hivyo. Eliaichi alimpeleka hospitali. Daktari akampima muda mrefu, akamweleza kwamba ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaweza kushikiliwa lilipofika, akiweka matone kila siku bila kukosa, maisha yake yote. Kilichopotea hakirudi.

Nasikiwa akauliza, "Ningekuja zamani?"

Daktari akasema, "Ungekuwa unaona kwa yote mawili."

Basi, huo ndio mfano. Sasa nataka tuzungumze sisi kwa sisi, na nitasema pole kwanza, kwa sababu nitawagusa.

Mkitoka hapa mtasema yule mama alikuwa na kiburi. Alikuwa nacho. Lakini kiburi kinampata nani katika mfano huu? Kama ni yeye peke yake angeanguka, ningewaambia tumhurumie twende nyumbani. Jambo linalonitisha mimi ni mtoto. Alikuwa amelala. Hakujua amebebwa na nani. Mama yake alikuwa anacheka.

Sisi hapa tumebeba watoto wa watu. Baba, umebeba nyumba nzima mikononi na unatembea kwa uhakika, na moyoni unajua kwamba mahali unapoelekea huoni kitu, na hujamwambia mkeo kwa sababu utaonekana si mwanaume. Mwalimu, umesimama mbele ya watoto wetu na ile pombe inakumaliza kidogo kidogo pembeni, unasema ni uchovu. Mzee wa kanisa, huombi tena, umekauka ndani kama korongo la kiangazi, lakini Jumapili unasimama unatuongoza sala kwa sauti nzuri, nasi tunaitikia amina. Na sisi wachungaji, Bwana atuhurumie, tumefundishwa kushuka ngazi bila kushika ukingo, tukitazama mbele, tumebeba roho zenu, na wengi wetu mguu uko hewani.

Nanyi mnatusifu. Mnasema mnaona wakongwe? Mkitusifu hivyo, tunazidi kuogopa.

Tunaogopa nini? Tunaogopa kwamba siku tukisema "sioni", watatuondoa. Sitawadanganya. Huenda wakatuondoa. Yule mama aliondolewa, na nafasi yake akapewa mwingine, na mwenye mtoto alikasirika kwa haki kabisa. Kusema kweli kuna gharama yake, na anayehubiri kwamba hakuna, hajawahi kuijaribu. Lakini kuna mambo mawili yaliyotokea pale ngazini ambayo hayangetokea mahali pengine. Mtoto alirudi kwa mama yake mzima. Na yule mama, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, alishuka akiwa ameshika bega la mtu.

Kuna jingine linaloniogopesha zaidi, nalo nitalisema halafu nikae. Watu walilia machozi, na mmoja akapiga makofi. Kumbukeni hilo. Mtu anaweza kulia katikati yetu hapa, akasema mimi sioni, nichukulieni mzigo huu, na sisi tukasema ameomba vizuri leo, ana upako. Tukamwacha hapo na mtoto mikononi. Tumefanya hivyo mara ngapi? Dada anasimama kushuhudia, sauti inavunjika, nasi tunaimba pambio. Mungu haimbi pambio mtu anapokwama ngazini. Yeye anapanda kumfuata. Tukiwa wake, basi na sisi tuwe kama mwenye mtoto, tusukume watu, tupande.

Huwa nawaambia mfumbe macho tuombe. Leo msifumbe. Fumbueni, na mtazame ni nani amelala mikononi mwenu. Kama hujui unakokanyaga, usichukue hatua nyingine, hata kama wote wanakutazama, hata kama mimi ndiye ninayekuambia endelea. Kaa chini hapohapo ulipo, umshike mtoto vizuri, useme. Na ukisema mara ya kwanza tukadhani unaigiza, tafadhali, ndugu yangu, sema mara ya pili.